Mfupa Haukuvunjwa na Ukaidi

Katika wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara, kuna hukumu ambayo haichukui hata dakika 5 kutolewa. Mtu amepasuliwa uvimbe wa mfupa, akaambiwa si saratani, akashonwa, akaruhusiwa kurudi nyumbani. Baada ya wiki kadhaa analetwa tena, mguu umekatika palepale alipopasuliwa. Kabla hata hajapigwa picha ya eksirei, kesi imeshakwisha: alikanyaga kabla ya wakati, aliambiwa hakusikia, ni mkaidi. Muuguzi anasema hivyo, shemeji aliyemleta anasema hivyo, na mgonjwa mwenyewe, kwa maumivu na aibu, anaitikia.

Hukumu hiyo naikataa, na siikatai kwa kumwonea mtu huruma. Naikataa kwa sababu ushahidi hauiungi mkono. Mfupa unaovunjika baada ya kukwanguliwa uvimbe, mara nyingi hatari yake ilikuwapo tangu mgonjwa akiwa bado kitandani. Ilikuwapo katika ukubwa wa tundu lililoachwa, katika umbo la dirisha alilokata daktari, katika mfupa wenyewe ulioguswa, katika kilichojazwa ndani yake, na katika maelezo aliyopewa mgonjwa siku ya kuruhusiwa. Yote hayo yanapimika au yanaandikika, na yote yako mikononi mwa hospitali. Anayemtafuta mkaidi amekwepa kazi ya kupima.

Tuanzie chumba cha upasuaji. Uvimbe usio saratani kwa kawaida hausambai mwilini, lakini pale ulipo unakula. Uvimbe wa seli kubwa, ambao huwapata zaidi watu wazima wa miaka 20 hadi 40 na hupenda ncha za mifupa karibu na goti, unaweza kuugeuza mfupa kuwa ganda jembamba. Kifuko cha damu hufura na kuutanua mfupa kutoka ndani. Kifuko cha maji, ambacho ni ugonjwa wa watoto, hukaa mara nyingi sehemu ya juu ya mkono karibu na bega, au juu ya paja karibu na nyonga. Daktari akiamua kukwangua, hukata dirisha kwenye gamba gumu la nje, huingiza kijiko chenye makali na kukwangua hadi aone mfupa mzima, na mara nyingi husaga kuta kwa mashine ili mabaki ya uvimbe yasije yakaota tena. Bidii hiyo inastahili sifa, kwa maana daktari anayekwangua kijuujuu humwachia mgonjwa uvimbe utakaorudi. Lakini bidii hiyohiyo ndiyo inayopanua tundu. Mgonjwa anatoka akiwa hana uvimbe na akiwa na mfupa uliopungua, na habari ya pili mara nyingi haipewi uzito wa ile ya kwanza.

Sasa tuone kupungua huko kunafanya nini. Mwanzi mzima ukiusokota unakataa. Utoboe ubavuni kwa ncha ya kisu kisha uusokote tena, utapasuka kuanzia kwenye tobo. Mwaka 1990 watafiti wa Marekani, Edgerton na wenzake, walipima jambo hilo kwenye mifupa. Tobo lenye upana wa asilimia 20 tu ya kipenyo cha mfupa lilipunguza nguvu yake ya kustahimili kusokotwa kwa takriban theluthi moja. Dirisha la kukwangulia uvimbe mkubwa hupita asilimia 20 kwa mbali. Kabla ya hapo, mwaka 1977, Clark na wenzake walikuwa wamepima umbo la tobo. Waligundua kuwa tobo refu lenye ncha za mviringo huuachia mfupa nguvu zaidi kuliko tobo lenye pembe kali, na kwamba kulirefusha hakudhuru sana, ilhali kulipanua kunadhuru waziwazi. Daktari anayejua hayo atakata dirisha lake kufuata urefu wa mfupa, atalifanya jembamba kadiri kazi inavyoruhusu, na atazizungusha pembe zake. Asiyejua, au aliye na haraka, atakata mraba. Mfupa ukipasuka kuanzia kwenye pembe ya mraba ule, nani aliyeikata pembe? Mgonjwa alikuwa usingizini.

Linafuata suala la mahali. Tundu la ukubwa uleule lina hatari tofauti likiwa kwenye mkono na likiwa kwenye paja. Katika hatua ya kawaida ya mtu mzima, nyonga hubeba zaidi ya mara 2 ya uzito wa mwili wake. Akijikwaa, mzigo huo hupanda mno. Shingo ya paja, sehemu iliyo chini kidogo ya nyonga, na ncha ya chini ya paja karibu na goti ni mahali ambapo tundu lililoachwa wazi halina msamaha. Ongeza hapo mgonjwa ambaye mfupa wake ulikuwa umeshavunjika kwa sababu ya uvimbe kabla ya kupasuliwa, au ambaye gamba lake limeliwa upande mzima. Huyo anatoka hospitalini akiwa amebeba hatari ambayo jirani yake wa kitanda, aliyekwanguliwa kinundu kwenye kidole, hana hata chembe yake. Mara ngapi wawili hao wameruhusiwa kwa maneno yaleyale?

Watetezi wa hukumu ya ukaidi watasema kuwa vipimo navyo si msahafu. Ni kweli, tena nitawasaidia kwa mfano mzuri kuliko wao. Mwaka 1981 madaktari wa Mayo Clinic, Marekani, waliangalia watoto waliovunjika kwenye aina moja ya uvimbe wa nyuzi usio saratani. Wakaona kuwa wote uvimbe wao ulikuwa umechukua zaidi ya nusu ya upana wa mfupa katika picha zote 2, ya mbele na ya ubavuni, na ulikuwa na urefu wa zaidi ya milimita 33. Kanuni ya nusu ya mfupa ikaenea duniani. Mwaka 1997 madaktari wengine, Easley na Kneisl, wakakusanya watoto 22 ambao uvimbe wao ulipita vipimo hivyo, na 13 kati yao walikuwa hawajavunjika. Kwa hiyo rula haitabiri kila kitu. Lakini tazama mabishano hayo yalikwenda wapi. Yalikwenda kwenye vipimo bora zaidi. Mwaka 2006 Snyder na wenzake walionyesha kuwa kukokotoa ukakamavu wa mfupa kwa picha za sitiskani, yaani kiasi unachokataa kupindwa na kusokotwa, kunabashiri mvunjiko kwa watoto wenye uvimbe wa aina hii vizuri kuliko jicho la daktari juu ya eksirei. Katika mjadala wote huo wa miaka 25, kilichokuwa kikisahihishwa ni kipimo cha mfupa. Hakuna aliyeona haja ya kupima tabia ya mtoto.

Kuna tofauti nyingine inayoanzia chumba cha upasuaji: tundu limejazwa nini? Saruji ya mfupa hukauka kwa dakika chache na kutoa nguvu siku hiyohiyo. Vipande vya mfupa vilivyochukuliwa nyongani mwa mgonjwa havina gharama ya dukani na vina uhai wake, lakini huchukua miezi kushikamana na kugeuka mfupa unaobeba mzigo. Baadhi ya vijazio vya madini huyeyuka ndani ya wiki chache au miezi michache, na vikiyeyuka kabla mfupa mpya haujaota, tundu linabaki na hewa ya matumaini tu. Na kuna kuacha wazi. Mwaka 2009 madaktari wa Birmingham, Uingereza, waliripoti wagonjwa 146 waliokwanguliwa bila kujazwa chochote. Matundu mengi yalijijaza yenyewe, sehemu au yote, ndani ya miezi 6. Habari hiyo ni njema kwa hospitali isiyo na saruji. Ila katika ripoti hiyohiyo, kwenye ncha ya chini ya paja, matundu yaliyokuja kuvunjika yalikuwa makubwa kuliko yaliyopona salama. Kwa hiyo kutojaza si kosa. Kosa ni kutojaza tundu kubwa la pajani, kutoweka chuma cha kulishikilia, kisha kumwambia mgonjwa maneno yaleyale aliyoambiwa mwenye tundu dogo la mkononi.

Hapa ndipo ilipo siri ambayo hukumu ya ukaidi inaifunika. Maumivu ya upasuaji hupungua mapema sana kuliko nguvu ya mfupa inavyorudi. Kidonda kinafunga, nyuzi zinatolewa, uvimbe uliokuwa ukiuma usiku haupo tena. Wiki ya 4 mtu anajisikia mzima kuliko alivyojisikia mwaka mzima uliopita. Ndani ya paja lake, pandikizi halijashika, na kuta za tundu bado ni nyembamba. Mwili unamwambia jambo moja na mfupa una jambo jingine, na mfupa hauna sauti. Mtu huyo akikanyaga, amefuata kipimo pekee alichopewa na Mungu, yaani maumivu. Aliyekuwa na kipimo kingine, picha na rula, ni hospitali.

Mwili wa mtu wa huku una historia yake pia. Ukanda wa Bonde la Ufa, kuanzia Arusha na Kilimanjaro hadi Manyara na Singida, una maji ya visima na chemchemi yenye floraidi nyingi katika sehemu kadhaa. Meno ya kahawia ya watu wengi ni ushahidi usiohitaji maabara. Shirika la Afya Duniani linashauri floraidi isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania kwa miaka mingi iliruhusu kiwango kilichozidi hicho kwa mbali. Floraidi inapojikusanya mifupani inaweza kuifanya ionekane nyeupe na nzito kwenye eksirei, na daktari mgeni akaona ana bahati ya kukuta mfupa imara. Asidanganyike. Mwaka 1990 Riggs na wenzake wa Mayo Clinic walitangaza matokeo ya kuwapa wanawake wazee floraidi kwa miaka 4 ili kuimarisha mifupa. Uzito wa mifupa ya mgongo ulipanda sana, na mivunjiko ya mifupa mingine iliongezeka badala ya kupungua. Mfupa mzito si lazima uwe mfupa mgumu kuvunjika. Sisemi kwamba kila aliyevunjika Basotu au Dongobesh alivunjwa na maji. Nasema kwamba daktari anayekwangua mfupa katika nchi hii amuulize mgonjwa anakunywa maji ya wapi, na amwangalie meno, kabla hajaiamini eksirei. Swali hilo halina gharama.

Sasa tuufikie huo ukaidi wenyewe. Mgonjwa wa paja huambiwa, usikanyage sana. Sana ni kiasi gani? Hadi lini? Aliyesema anajua anamaanisha nini. Aliyesikia anapanda bodaboda. Kwanza kabisa, anapanda bodaboda. Barabara nyingi za wilaya hizi ni za vumbi na mawe, na safari ya kwanza ya mfupa uliotobolewa inaweza kuwa ya saa nzima ya kurushwarushwa, kabla hata ukaidi haujapata nafasi. Akifika, nyumba iko kwenye mteremko, kwa sababu Mbulu ni nchi ya miteremko. Magongo yaliyotengenezwa kwa ajili ya sakafu ya wodi yanateleza kwenye udongo wa mvua. Choo ni cha shimo, cha kuchuchumaa. Jaribu kuchuchumaa kwa mguu mmoja huku ukishika ukuta wa miti, kisha uinuke. Utajigeuza kiuno, utausokota mguu ulionyooshwa, na kusokota ndiko mfupa wenye tobo unakokuogopa kuliko kitu kingine chochote. Anafanya hivyo kila siku, asubuhi na jioni, kwa utii kamili, kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba choo ni hatari kuliko kutembea uani.

Na kama ni mama, kuna maji ya kuteka. Kama ni kijana wa Kibarbaig kule Hanang, kuna ng'ombe ambao hawasubiri picha ya wiki ya 6. Kama ni mkulima wa Kiiraqw aliyepasuliwa mwezi wa 11, mvua imekuja na mahindi yanataka kupandwa. Asipopanda mwezi huo, watoto watakula nini mwezi wa 7? Tunamwita mkaidi mtu aliyelazimika kuchagua kati ya paja lake na ghala lake, hali sisi tuliompangia tarehe ya upasuaji tulikuwa na kalenda ya mwaka mzima ukutani. Uvimbe usio saratani, mara nyingi, si wa dharura. Uvimbe wa seli kubwa unaokua kwa kasi hausubiri, wala kifuko cha damu kinachotanuka. Wagonjwa wa namna hiyo wahudumiwe upesi. Lakini vifuko na vinundu vingi vinaweza kungoja miezi 3 bila hasara. Kwa nini visipangwe baada ya mavuno, ili wiki 6 hadi 12 za kutokanyaga ziangukie kiangazi, wakati shamba limelala na njia ni kavu?

Nitaulizwa, je, hakuna mgonjwa mkaidi kabisa? Wapo. Yuko aliyeambiwa wazi, akaelewa, akapewa magongo, akaenda kucheza mpira. Mzigo juu ya mfupa dhaifu ni sababu ya kweli ya mvunjiko, sikatai hata kidogo. Ninachokataa ni kufanya mzigo huo kuwa maelezo yote. Mzigo uleule, hatua ileile, kwa mwenye tundu dogo lililojazwa saruji haivunji kitu. Kama watu 2 wamekanyaga siku moja na mmoja tu akavunjika, tofauti yao haiko kwenye kukanyaga, iko kwenye mfupa. Anayetafuta sababu na kuishia pale wanapofanana wote, hajaanza kutafuta.

Nitaambiwa pia kwamba hatuna sitiskani kila mahali, wala daktari bingwa wa mifupa kila wilaya. Kweli. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom huku Mbulu, iliyoanzishwa na Wanorwe mwaka 1955, iko takriban kilomita 300 kutoka Arusha. Hospitali ya KCMC ya Moshi iko mbali zaidi, na MOI, Taasisi ya Mifupa Muhimbili iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1996, iko Dar es Salaam. Bima ya Mfuko wa Afya ya Jamii (CHF) iliyoboreshwa, iliyokuwa ya shilingi 30,000 kwa kaya ya watu 6, iliishia hospitali ya rufaa ya mkoa. Lakini kupima tundu hakuhitaji sitiskani. Kunahitaji picha 2, ya mbele na ya ubavuni, na rula. Eksirei hukuza kidogo, kwa hiyo weka sarafu yenye kipenyo unachokijua kando ya mguu, kwenye kimo cha mfupa, upate kusahihisha. Zidisha urefu kwa upana kwa kina, kisha zidisha kwa 0.52. Tundu la sentimita 6 kwa 5 kwa 4 lina ujazo wa zaidi kidogo ya sentimita za ujazo 62. Linganisha upana wa tundu na upana wa mfupa. Andika namba hizo kwenye faili. Tabibu wa kituo cha afya anaweza kuifanya hesabu hiyo kwa simu yake ya mkononi. Wala chuma cha kushikilia si ndoto. Vyuma vya ndani ya mfupa vya mpango wa SIGN, ulioanzishwa Marekani mwaka 1999 kwa ajili ya hospitali zenye uhaba, vimetumika Tanzania kwa miaka mingi, na vilibuniwa viweze kuwekwa bila mashine ya eksirei ya chumba cha upasuaji.

Pingamizi lenye uzito kuliko yote ni hili: mgonjwa akiondolewa lawama, hatajali. Nadhani kinyume chake ndicho kweli. Mtu hufuata agizo analolijua sababu na mwisho wake. Mwambie, tundu lako limechukua nusu ya paja, limejazwa mfupa wa nyonga yako, mguu usiguse chini hata kidogo mpaka picha ya wiki ya 6, na usiinuke chooni kwa kujisokota. Agizo hilo lina tarehe, lina sababu, na linamtendea kama mtu mwenye akili. Agizo la usikanyage sana halina hata moja ya hayo, isipokuwa faida moja kwa aliyelitoa, kwamba lolote likitokea, mgonjwa ndiye atakayekuwa amekosea.

Faida hiyo ina bei, na bei inalipwa kijijini. Mtu aliyevunjika akaitwa mkaidi anarudi nyumbani na kusimulia anavyojua: sikufanya lolote, niliinuka tu chooni, paja likalia. Wanaomsikiliza wanamwamini, kwa sababu wanamjua. Basi wanahitimisha kuwa kisu ndicho kilichouharibu mfupa, na uvimbe unaofuata katika ukoo ule utapelekwa kwa mwunga mifupa, ukandwe na ufungwe kwa vijiti, hadi siku utakapokuwa mkubwa kiasi kwamba hakuna kukwangua tena. Hospitali inamlaumu mgonjwa, kijiji kinakilaumu kisu, na hakuna hata mmoja aliyelitazama tundu. Wote wawili wamekosea kwa namna moja.

Kuna hasara nyingine isiyoonekana. Kwa sensa ya mwaka 2012, Mbulu na Hanang zilikuwa na karibu watu 600,000 kwa pamoja. Uvimbe wa mifupa si ugonjwa wa kila siku. Hospitali moja inaona wachache, na wanaovunjika baadaye ni wachache zaidi. Kitu kikiwa adimu namna hiyo, kila mvunjiko unabaki kisa cha mtu fulani mwenye kichwa kigumu, wala hauingii katika hesabu. Daktari anahama, muuguzi anastaafu, na yule anayekuja anaanza upya kujifunza kwa mapaja ya watu. Neno mkaidi likiandikwa kwenye faili, utafiti umekufa hapohapo, kwa sababu hakuna atakayerudi kuuliza tundu lilikuwa na ukubwa gani.

Ninachokidai kwa hospitali za wilaya hizi, za serikali na za makanisa, si kikubwa. Kwanza, uvimbe usiohitaji kisu usikatwe. Uvimbe mdogo wa nyuzi kwa mtoto hutoweka wenyewe kadiri anavyokua. Kifuko cha maji kinaweza kuchomwa sindano ya dawa, njia aliyoieneza Scaglietti wa Italia tangu miaka ya 1970. Kinundu kisichouma kinaweza kuachwa na kuangaliwa. Mvunjiko ulio rahisi kuzuia ni ule wa upasuaji ambao haukuwa na haja. Uvimbe ukikatwa, kipande chake kipelekwe maabara kila mara, kwa kuwa katika nchi ya wafugaji tundu la mfupa linaweza kuwa kifua kikuu cha mfupa kilichojificha. Pili, tundu lipimwe kabla na baada ya kukwangua, na uamuzi wa kujaza au kuweka chuma uandikwe pamoja na sababu yake. Tatu, karatasi ya kuruhusiwa iwe na mambo manne yaliyoandikwa kwa Kiswahili: mfupa upi, tundu la ukubwa gani, mguu usiguse chini hadi tarehe ipi, na picha inayofuata ni lini. Picha hiyo inaweza kupigwa Katesh au Mbulu mjini na kutumwa kwa simu kwa aliyepasua, ili mgonjwa asilipe nauli ya siku nzima kwa jibu la dakika moja. Nne, ndugu aliyekuja kumchukua aonyeshwe namna ya kumsaidia chooni, na aelekezwe kwa fundi seremala akatengenezewe kiti chenye tundu katikati, cha kuweka juu ya shimo. Mbao chache na misumari vina kinga kubwa kuliko karipio. Tano, kuwe na daftari moja la mivunjiko ya baada ya upasuaji, linalosomwa katika kikao cha asubuhi, mbele ya waliopasua.

Na katika daftari hilo iwepo kanuni moja tu juu ya neno ukaidi: lisiandikwe mpaka nafasi zote za juu yake zimejazwa. Ukubwa wa tundu, upana wake dhidi ya mfupa, mahali, umbo la dirisha, kilichojazwa, chuma kilichowekwa au kutowekwa, tarehe aliyopewa, na nani aliyempa. Atakayezijaza kwa uaminifu na bado akaona haja ya kuandika ukaidi, aandike, nami nitamwamini. Ninachotarajia ni kwamba mara nyingi, akifika mstari huo wa mwisho, atakuta sababu ameshaiandika mistari kadhaa juu yake, kwa mkono wake mwenyewe.